Vyumba Vitupu Katika Wimbo wa Mama

Malalamiko ya kwanza yaliingia kwenye simu yangu nikiwa sokoni Voi, nimeshika fungu la sukuma, nabishana na mama muuzaji juu ya majani yaliyoliwa na wadudu. Mtu wa mbali, ambaye sitawahi kumwona, alikuwa amenunua noti za piano nilizoziweka mtandaoni. Alizichapisha, akaketi kuzipiga, na katikati ya ukurasa wa pili akakuta vyumba vinane havina kitu. Aliniandikia kwa adabu. Alisema huenda faili imeharibika, na angeshukuru kama ningemtumia iliyo kamili. Nilirudisha simu mkobani, nikampa yule mama bei aliyotaka bila neno lingine, akaniangalia kama niliyeugua ghafla.

"Vyumba" ni neno la mama. Noti za piano huandikwa juu ya mistari mitano, na mistari hiyo hukatwa kwa vijistari vya wima ili mpigaji ajue mapigo yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Nafasi iliyo kati ya kijistari kimoja na kingine ina jina lake vitabuni, lakini mama alitulea katika kota za reli, ambako nyumba zimepangwa safu moja na ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Aliponianzisha piano hakuona haja ya jina jingine. "Hesabu vyumba," alikuwa akisema. "Kila chumba kina watu wanne. Asipungue mmoja, asizidi mmoja." Mpaka leo, ninapowafundisha watoto wa watu katika chumba nilichopanga nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, nasema vivyo hivyo. Wengi wao wameletwa ili wapige nyimbo za kuabudu kwenye kinanda cha umeme. Wanajifunza kupiga kwa ufunguo mmoja tu, kisha wanabonyeza kitufe kinachopandisha au kushusha wimbo kumfuata mwimbaji, na wakishakijua kitufe hicho wanaona nawapotezea wakati. Watoto siwachukii. Kitufe nakichukia.

Piano tuliyojifunzia haikuwa na kitufe. Iliachwa na meneja wa shamba la mkonge aliporudi kwao, ikaletwa kanisani kwetu juu ya trela ya trekta, ikiwa imefungwa kwa kamba za mkonge huo huo. Joto la Voi lilikuwa limeshaifanya iwe na tabia zake. Miguu yake ilisimamishwa ndani ya mikebe ya oili chafu ili mchwa wasipande, kwa hiyo ibada ikiwa ndefu na jua likikolea kanisa zima lilinuka gereji. Sisi tuliokulia pale, harufu hiyo tukiipata popote, hata kwa fundi wa magari, tunajikuta tumekaa wima. Iliwekwa ukutani chini ya dirisha, na mpigaji akiketi aliwapa waumini wote mgongo.

Nje ya dirisha hilo kulikuwa na reli, na kando ya reli, upande ule ule wa kanisa, kulikuwa na kibanda cha baba. Alikuja Voi akiwa kijana kutoka magharibi kutafuta kazi ya reli, akapewa kulinda geti pale barabara inapokatana na njia ya treni. Treni ikikaribia alifunga geti, akatoka na bendera ya kijani kumwonyesha dereva kwamba njia ni salama. Reli haina Jumapili, na zamu ya Jumapili asubuhi ilikuwa yake daima, jambo lililowafurahisha wenzake waliopenda kulala. Kwa hiyo baba hakuonekana kanisani. Akina mama wa kanisa walimwombea kwa sauti, tena mama akiwa pale pale katikati yao: Bwana amguse mume wa dada yetu. Mama aliitikia amina pamoja nao, na hakuwahi kumtetea hata siku moja. Hilo liliniudhi. Nilitaka aseme kwamba baba yuko kazini, kwamba bila yeye gari lililowaleta kanisani lingegongwa.

Wakati wa sadaka mama alipiga peke yake, kwaya ikipumzika. Jumapili nyingi alipiga nyimbo za kitabuni. Ila kulikuwa na wimbo mmoja uliokuwa wake mwenyewe, usio na maneno wala jina, na wimbo huo ulikuja tu zile Jumapili ambazo treni ya mizigo ilipita. Ulianza kwa mkono wa kushoto, taratibu, mkono wa kulia ukajiunga baadaye kidogo, na ukishaanza kunoga ndipo treni inafika. Vioo vya madirisha vinatetemeka. Sarafu zinacheza kwenye sahani. Mhubiri anafumba macho na kungoja. Hatusikii kitu ila chuma, behewa baada ya behewa, na mbele yetu tunaona mgongo wa mama ukiyumba na bega lake la kulia likienda na kurudi. Halafu behewa la mwisho linapita na, kumbe, piano ipo, wimbo unaendelea, mama ametokea upande wa pili bila kujikwaa hata kidogo.

Watu walisema hiyo ni karama. Kuna wageni waliokuja kanisani kwetu makusudi kumwona dada ambaye hata treni haimpotezi. Mimi nikiwa mdogo niliamini kwamba sehemu tamu kuliko zote ni ile ambayo hatukuisikia, na niliwaonea wivu watu wa kwenye treni, nikidhani wao wanaisikia. Nilipomwomba anifundishe wimbo huo alikataa kwa upole. "Huo ni wa sadaka," alisema, kama kwamba hilo ni jibu.

Sasa mama amelala makaburini. Kanisa lilinunua kinanda cha umeme, piano ikapelekwa stoo, mtu akasahau kuongeza oili kwenye mikebe, mchwa wakashinda. Treni mpya inapita pembezoni mwa mji juu ya tuta lake, ina haraka zake, haihitaji geti wala mtu wa bendera. Ile reli ya zamani imeota nyasi na mbuzi wanaifuata kama njia yao. Baba alistaafu akaenda kuzeekea Njukini, kwa wakwe, kwenye shamba dogo walilonunua na mama. Ndugu zake wa magharibi walimsema sana: mwanamume gani huyo? Aliwajibu kwamba maharagwe hayaulizi ukoo wa mtu.

Kuuza noti nilianza mwaka ule shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa na wanafunzi wangu wakakaa kwao. Nilikuwa na laptopu ya mtumba na muda mwingi kupita kiasi. Nikapata programu ya kuandikia noti, nikaapizana nayo kwa wiki kadhaa, kisha nikajua kuitumia. Nikaandika vipande vyangu vifupi vya piano, kimoja cha mvua kwenye mabati, kimoja cha mbuzi wa relini, nikavipigia picha za jalada kwa simu, mlima wa Sagalla upande huu na upande ule, nikaviweka kwenye tovuti ambako yeyote anaweza kuuza noti zake bila kumpigia magoti mchapishaji. Hakuna aliyenunua. Nikapunguza bei, hakuna aliyenunua. Hatimaye mtu akanunua mbuzi, nikampigia simu dada yangu kumwambia, akauliza ni mbuzi yupi na nimeanza lini ufugaji.

Kisha nikaandika wimbo wa sadaka. Mwanzo wake na mwisho wake nilikuwa nao kichwani kama njia ya kwenda kisimani. Nikaweka jina la mama juu ya ukurasa kama mtunzi, na langu chini kabisa, kwa herufi ndogo, kama mwandishi wa noti tu. Pale pa treni niliacha vyumba vinane vitupu. Treni halisi ingekula ukurasa mzima, na hakuna mnunuzi wa karatasi tupu. Wimbo huo ukauzika kuliko vyote vyangu. Walimu wa piano wa nchi za baridi waliwapa wanafunzi wao, na mtu mmoja wa Nairobi aliupiga harusini. Nilimwonea wivu marehemu, na niliufurahia wivu huo.

Ndipo malalamiko yakaanza: yule wa kwanza wa adabu, mwingine asiye na adabu, mwingine aliyenipa nyota moja akasema nimeuza kazi nusu. Tovuti nayo ikaniandikia kwamba noti zinazolalamikiwa kuwa na kasoro zirekebishwe, la sivyo zitaondolewa. Walinipa hadi mwisho wa mwezi.

Kujaza vyumba vinane si kazi ngumu, ndiyo kazi yangu. Lakini jina lililo juu ni la mama. Kila atakayezipiga noti hizo ataamini ni vidole vya mama, na mama hayupo wa kukana. Nisipojaza, wimbo wake wa pekee utafutwa na hakuna mahali pengine popote duniani utakapokuwa. Hayo yalinisumbua. Lililonisumbua zaidi ni jambo rahisi kuliko hayo: nilitaka kujua alipiga nini. Nilitaka hivyo tangu nikiwa mtoto kwenye benchi la mbele, na sasa nilikuwa mtu mzima mwenye mvi na bado nilitaka.

Nikawaendea akina mama watatu wa kwaya ya zamani. Wa kwanza alinipa chai, akafumba macho, akaimba sehemu hiyo bila kusita, na nilipoandika nikaona ni tenzi ya kawaida tuliyoimba kila Pasaka. Wa pili alinipa chai, akaniimbia kitu kingine kabisa, akaapa. Wa tatu, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kusimama na kwaya, alinipa chai kisha akasimama na kupiga makofi, akisema hapo mama alikuwa anaharakisha ili alingane na magurudumu. Niliporudi kwa wa kwanza kumwambia wenzake wamesema vingine, alitikisa kichwa kwa huruma.

"Hao siku hizi wanasahau sahau," aliniambia. "Wewe andika yangu."

Nilirudi nyumbani na nyimbo tatu na tumbo limejaa chai. Wote watatu walikuwa na hakika, na wote watatu hawakusikia kitu, kama mimi. Basi nikajaza mwenyewe. Nilichukua mkono wa kushoto wa mwanzo, nikaushusha kidogo kuelekea gizani, nikauleta mkono wa kulia juu yake, na sitajifanya mnyenyekevu: ilikuwa kazi nzuri. Nilipoipiga kwenye kinanda changu nilisisimka mikono. Nilibakiza kuipandisha mtandaoni tu. Nikasema kabla ya hapo aisikie mtu mmoja aliyebaki mwenye haki ya kuisikia, nikaenda Njukini na wimbo ukiwa kwenye simu.

Nilimkuta baba ameketi uani kwenye kigoda, ungo magotini, anachagua maharagwe. Honi za treni ziliondoka na sikio lake la kushoto, kwa hiyo watu wa Njukini wote wanajua kukaa kuliani kwake.

"Mama, umetuletea nini?" aliuliza. Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

"Nimekuletea wimbo, baba. Ule wa sadaka, aliokuwa akipiga mama."

"Ule wa treni," alisema, na mikono ikasimama juu ya ungo.

Sikujua kama aliufahamu. Yeye hakuwahi kukanyaga ndani. Nikamwekea simu karibu na sikio zima. Ulipoanza mkono wa kushoto, aliinamisha kichwa, na uso wake ukawa wa mtu aliyefunguliwa mlango. Nilitazama pembeni ili nisimwaibishe. Wimbo ukafika pale pa treni, noti zangu zikaingia, zile nzuri, na baba akaondoa sikio akaitazama simu.

"Huyu ni nani?"

"Ni wimbo wa mama."

"Pale mwanzo ni mama yako. Hapa ni nani?"

Nikamweleza yote: wanunuzi, vyumba vitupu, tovuti, akina mama watatu. Nikasema nimejaribu kuweka alichokuwa akipiga treni ikipita, kwa vile hakuna aliyewahi kukisikia. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichotikisa maharagwe.

"Kwani alikuwa anapiga?" alisema.

"Baba, kanisa zima tulimwona. Mgongo ulikuwa unayumba. Bega lilikuwa linakwenda."

"Nyinyi mlikuwa mnaona mgongo. Mimi nilikuwa naona uso."

Sikumwelewa. Akaweka ungo chini.

"Mama yako akiketi pale kwa piano, dirisha liko mbele yake. Akiona nimetoka kibandani na bendera, anajua treni iko karibu. Basi anaanza huo wimbo, ndiyo nijue ameniona. Treni ikifika, ikianza kupiga kelele, anaacha. Anainuka kidogo kwa kiti, ananipungia mkono. Mimi nampungia."

"Na bendera?"

"Nampungia na hiyo bendera. Dereva alidhani ni yake." Akacheka tena. "Injini imeshapita zamani, mimi bado niko na bendera juu. Inspekta mmoja akaniuliza siku moja, wewe unamwonyesha nani? Nikamwambia naonyesha mabehewa."

"Halafu behewa la mwisho likipita..."

"Anaketi, anaendelea pale alipoachia. Kuna ugumu gani?"

Karama ya kanisa letu ilikuwa hiyo. Nilimuuliza kwa nini mama hakuniambia, hata nilipokua, hata alipougua.

"Ungewaambia watoto wenzako, nao wangewaambia mama zao. Mpiga piano wa kanisa, saa ya sadaka, anapungia mwanaume dirishani? Wangemtoa pale." Akachukua haragwe bovu akalitupia kuku. "Walikuwa wananiombea sana niende kanisani. Nilikuwa nasikia, dirisha lilikuwa wazi. Na mimi nilikuwa pale kila Jumapili. Nilikuwa nje kidogo tu."

Nilicheka, kisha nikalia, na sikuona haya kulia mbele ya kuku na jirani aliyekuwa anapita na jembe. Nililia kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia mama miaka yote hiyo kwa ajili ya amina zake, na kumbe alikuwa na jibu lake na alilitoa mbele ya kanisa zima. Nililia pia kwa sababu sikuwahi kuuona uso aliousema baba. Mimi, niliyekaa benchi la mbele, nilikuwa upande usiofaa.

"Ile nyingine unayo?" baba aliuliza. "Ile ambayo wewe hujaingia."

Nilikuwa nayo. Nikairudisha, nikamwekea tena sikioni. Mkono wa kushoto ukaja, wa kulia ukaja, halafu simu ikanyamaza. Vyumba vinane ni virefu ukivisikiliza kwenye ua wa Njukini mchana. Kuku alikuwa anakwaruza udongo. Kwenye goti la baba kulikuwa na kitambaa anachojifutia jasho, na pale katikati ya kimya alikishika, akakiinua mpaka usawa wa bega, akakipeleka huku na huku mara kadhaa bila kuangalia popote. Piano ikarudi. Akakiweka kitambaa, akavuta ungo magotini, akaendelea kuchagua.

Nilirudi Voi nikazifuta noti zangu zote kwenye vyumba vile, hata zile nilizozipenda. Watunzi huandika maelekezo madogo juu ya mistari, polepole hapa, kwa nguvu pale, na mtu akiyakuta anajua kilichoandikwa ndicho kilichokusudiwa. Basi juu ya chumba cha kwanza kitupu nikaandika: Acha kupiga, uinuke kidogo, utazame dirishani, upunge mkono. Juu ya cha mwisho: Behewa la mwisho limepita, endelea. Nikaipandisha upya. Tovuti iliikubali siku hiyo hiyo, kwa kuwa sasa palikuwa na maandishi na hapakuwa na kasoro ya kuonyesha.

Yule mnunuzi wa kwanza, yule wa adabu, nilikuwa sijamjibu tangu siku ya sukuma. Nilimtumia nakala mpya, nikamwomba radhi kwa kuchelewa, na kwa kuwa alidhani faili imeharibika na noti zimepotea, nikamjibu kwamba hakuna iliyopotea. Hapo mama alikuwa na kazi nyingine.